Kuendesha Gramps kwa Terminali: Ingiza, Kagua na Linda Nasaba ya Ukoo

Habari zenu, karibuni. Leo tunaendesha Gramps, ile programu huria ya kutunza nasaba, kwa kuandika amri kwenye terminali. Wengi mnaijua kwa madirisha na vitufe vyake, na kwa kuingiza majina madirisha yale yanafaa sana. Ila kazi ya kuilinda nasaba, yaani kuitolea nakala, kuikagua na kuihamisha kutoka kompyuta hii kwenda ile, inakwenda vizuri zaidi kwa amri. Amri ukishaiandika mara moja unaiweka kwenye faili, na kompyuta inairudia bila kukungoja ukumbuke. Nasaba nyingi za kwetu zimekaa kwenye daftari moja, au kichwani mwa mzee mmoja. Ukizihamishia kwenye kompyuta moja isiyo na nakala, bado hujaziokoa.

Mimi natumia Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa aina ya Linux. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, terminali ifunguke. Andika hivi, kisha Enter:

sudo apt install gramps

Itakuuliza nenosiri. Unapoliandika huenda usione chochote kwenye skrini, hata nukta. Usishtuke, andika tu hadi mwisho. Ikimaliza, hakikisha imekaa sawa:

gramps -v

Ukiona namba ya toleo, twende. Tutengeneze folda ya kazi na kuingia ndani yake:

mkdir -p ~/nasaba
cd ~/nasaba

Sasa tunahitaji data ya mazoezi. Tafadhali usijifunzie kwenye ukoo wako halisi. Nimechagua watu wanne wa nyumba ya Al Busaidi ya Zanzibar, kwa sababu habari zao ziko wazi kwenye historia na zinafanana na nasaba nyingi za pwani: baba mmoja, mama tofauti, majina yenye bin na binti. Fungua faili jipya:

nano mazoezi.ged

Faili la aina hii ni GEDCOM, mtindo wa maandishi ulioanzishwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na karibu kila programu ya nasaba inausoma. Ni maandishi matupu, unaweza kuyasoma kwa macho yako. Andika pamoja nami:

0 HEAD
1 SOUR MAZOEZI
1 GEDC
2 VERS 5.5.1
2 FORM LINEAGE-LINKED
1 CHAR UTF-8
0 @I1@ INDI
1 NAME Said bin Sultan /Al Busaidi/
1 SEX M
1 DEAT
2 DATE 19 OCT 1856
1 FAMS @F1@
1 FAMS @F2@
0 @I2@ INDI
1 NAME Jilfidan //
1 SEX F
1 FAMS @F1@
0 @I3@ INDI
1 NAME Salme binti Said /Al Busaidi/
1 SEX F
1 BIRT
2 DATE 30 AUG 1844
2 PLAC Mtoni, Unguja
1 FAMC @F1@
0 @I4@ INDI
1 NAME Barghash bin Said /Al Busaidi/
1 SEX M
1 BIRT
2 DATE ABT 1837
1 DEAT
2 DATE 1888
1 FAMC @F2@
0 @F1@ FAM
1 HUSB @I1@
1 WIFE @I2@
1 CHIL @I3@
0 @F2@ FAM
1 HUSB @I1@
1 CHIL @I4@
0 TRLR

Hifadhi kwa Ctrl na O, Enter, kisha toka kwa Ctrl na X.

Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo nasaba za kwetu zinapoharibika. Namba iliyo mwanzo wa mstari inaonyesha ngazi. Sifuri inafungua habari mpya, ya mtu au ya familia. Moja ni jambo linalomhusu mtu huyo, na mbili ni undani wa jambo hilo. Kwa hiyo tarehe, ambayo ni ngazi ya pili, inakaa chini ya BIRT au DEAT, wala haielei peke yake.

Sasa tazama mstari wa NAME. Kilichomo kati ya mikwaju miwili, yaani alama hizi / /, kinasomwa kuwa ni ubini, jina linalorithiwa na ukoo mzima. Watu wengi huweka jina la baba hapo: Barghash /Said/, Said /Sultan/. Matokeo yake baba na mwana wanatokea kwenye orodha kama watu wa koo mbili zisizojuana, na ukipanga majina kwa ubini, ukoo unatawanyika. Ushauri wangu ni huu: bin Fulani ibaki na jina la mtu mwenyewe, na kati ya mikwaju liingie jina la ukoo au la mlango wenu kama lipo. Kama halipo, acha mikwaju mitupu, kama tulivyofanya kwa Jilfidan, aliyekuwa Mcherkesi na hakuwa na ubini wa Al Busaidi. Usimpe mtu ubini wa mume wake kwa sababu tu fomu inaonekana tupu.

Tazama pia familia zenyewe. Kila mama na baba wana FAM yao. Salme, aliyekuja kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, yuko kwenye F1 pamoja na mama yake. Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ni ndugu yake kwa baba, kwa hiyo ana F2. Hao wawili walikuwa upande mmoja mwaka 1859, Barghash alipojaribu kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa sultani, na Salme, akiwa binti wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyekuwa akiandika barua za kundi hilo. Ukiwarundika kwenye familia moja, programu itakuambia wamechangia mama, na kosa hilo litarudi kwenye kila chati utakayochapa. Kwenye F2 sikuandika WIFE. Mama usiyekuwa na hakika ya jina lake mwache wazi, atajazwa siku ikipatikana habari.

Na tarehe: ABT maana yake ni karibu na mwaka huo. Mzee akikuambia alizaliwa miaka ya vita au ya njaa fulani, tumia ABT. Usimtungie tarehe kamili ili fomu ipendeze.

Haya, tuingize. Amri ni moja:

gramps -C "Nasaba Mazoezi" -i mazoezi.ged -e nakala-ya-kwanza.gramps

Herufi C kubwa inaunda mti mpya, yaani hifadhidata ya ukoo mmoja, wenye jina hilo. Kuna i ya kuingiza faili, na e ya kutoa faili jingine. Gramps inatambua aina ya faili kwa mwisho wa jina lake: .ged ni GEDCOM, .gramps ni XML (mtindo mwingine wa maandishi) ya Gramps yenyewe, .gpkg ni XML pamoja na picha na hati zake. Jina la mti lina nafasi katikati, ndiyo maana limefungwa kwa alama za nukuu. Ukizisahau, terminali itadhani ni maneno mawili tofauti.

Tuone kama mti upo:

gramps -l

Hiyo ni L ndogo. Utapata mahali hifadhidata ilipo na jina la mti mbele yake. Angalia, folda yenyewe haina jina la ukoo wako, ina herufi na namba zilizochanganyika. Ndiyo maana siwashauri kunakili folda hiyo kwenye fleshi na kuiita nakala. Yaliyomo humo hutegemea toleo la Gramps, na kompyuta yenye toleo jingine inaweza kukataa kuifungua. Faili la .gramps ndilo la kutegemewa, maana ndani ni maandishi yaliyobanwa tu. Tulichungulie:

zgrep -c '<person ' nakala-ya-kwanza.gramps

Inajibu 4. Watu wanne tulioandika wote wamo. Zoea kuhesabu hivi kila unapohamisha data. Kwa ukoo wa watu mia saba hutaweza kuwatazama mmoja mmoja, lakini namba ikipungua utajua papo hapo.

Sasa tukague afya ya hifadhidata:

gramps -O "Nasaba Mazoezi" -a tool -p name=check

O kubwa inafungua mti uliopo. Neno tool linaita kifaa, na check ndicho kifaa cha kutafuta viungo vilivyokatika, kama mtoto anayetaja familia wakati familia haimtaji. Kikiona tatizo kinalirekebisha palepale, kwa hiyo toa nakala kwanza kabla ya kukiita kwenye mti wako halisi.

Kama jibu linasema mti umefungwa, huenda dirisha la Gramps liko wazi mahali fulani. Lifunge, urudie amri. Ipo -u inayovunja kufuli kwa nguvu, lakini itumie pale tu kompyuta ilipozimika ghafla na una hakika hakuna dirisha lililobaki. Programu mbili zikiandika kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja, zinaiharibu.

Twende kwenye ripoti. Ripoti nyingi, kama hii ya wazao, zinataka namba ya mtu wa kuanzia. Kuzipata:

gramps -O "Nasaba Mazoezi" -a report -p "name=descend_report,show=pid"

Inakuorodheshea watu na namba zao. Kwangu Said bin Sultan ni I0001. Tumia ile unayoiona kwako:

gramps -O "Nasaba Mazoezi" -a report -p "name=descend_report,pid=I0001,off=txt,of=$HOME/nasaba/wazao.txt"

Hapa off ni aina ya faili na of ni jina lake. Usiweke nafasi baada ya mkato. Sasa:

cat wazao.txt

Hao hapo, Said juu, watoto chini yake, kila mmoja upande wa mama yake. Ukitaka ya kuchapa kwa ajili ya wazee, badilisha txt iwe pdf kote kuwili. Ukitaka kujua ripoti fulani inapokea machaguo gani, andika show=all mahali pa show=pid. Zipo ripoti nyingi, siwezi kuzipitia zote hapa, ila amri ya kuziita ni hiihii.

Sasa skripti ya nakala, yaani faili lenye amri za kurudiwa. Fungua faili:

nano nakala.sh

Andika:

#!/bin/bash
LEO=$(date +%F)
gramps -O "Nasaba Mazoezi" -e "$HOME/nasaba/nakala-$LEO.gramps" -y -q

Jina la faili linabeba tarehe ya siku hiyo, kwa hiyo nakala ya leo haifuti ya wiki iliyopita. Hilo ni muhimu, kwa sababu mara nyingi kosa kwenye nasaba hugunduliwa baada ya miezi, na unahitaji kurudi nyuma kabla halijaingia. Kama una picha na vyeti ndani ya mti, andika .gpkg badala ya .gramps. Herufi y inaizuia isikuulize ruhusa, q inainyamazisha. Ipe ruhusa ya kuendeshwa:

chmod +x nakala.sh

Ijaribu kwa mkono, ./nakala.sh, na ls ikuonyeshe faili jipya. Kisha andika crontab -e, inayofungua ratiba ya kazi ambazo kompyuta inazifanya yenyewe, na uongeze mstari huu mwishoni, ukiweka jina lako la mtumiaji wa kompyuta mahali pa neno jina:

0 20 * * 5 /home/jina/nasaba/nakala.sh

Hiyo ni kila Ijumaa saa mbili usiku, mradi kompyuta iwe imewashwa na dirisha la Gramps limefungwa.

Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Irudishe kwenye mti wa muda:

gramps -C "Jaribio" -i nakala-ya-kwanza.gramps -e rudi.ged
grep -c INDI rudi.ged

Ikitoka 4 tena, nakala ni nzima. Futa mti wa jaribio:

gramps -r "Jaribio"

Hapa naomba umakini. Amri hii inasoma jina kama kigezo cha kutafutia, si kama jina tu. Ukiandika nukta na nyota (.*), inagusa miti yako yote. Itakuuliza kabla ya kufuta, kwa hiyo soma jina lililoandikwa kabla ya kukubali, na usiiwekee -y kamwe.

Jambo jingine linahusu walio hai. Faili unalotoa kwa amri hizi lina kila kitu: tarehe za kuzaliwa za watoto, majina ya mama, na hata habari ulizoziwekea alama ya siri. Kwa nakala yako ya nyumbani ndivyo inavyotakiwa. Lakini usilirushe faili hilo kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Ukitaka kushirikisha watu, fungua dirisha la Gramps, nenda kwenye kutoa faili, chagua kuondoa habari za siri na kuwaficha walio hai, ndipo utume.

Ukimaliza mazoezi, rudi kwenye nakala.sh na uweke jina la mti wenu mahali pa Nasaba Mazoezi, kama lilivyo kwenye gramps -l, herufi kubwa na ndogo zikiwa zilezile. Endesha skripti mara moja kwa mkono, hesabu watu, kisha nakili faili hilo kwenye fleshi mbili, moja ibaki kwako na nyingine ikae kwa ndugu anayeishi mji mwingine.