Kufungua kampuni ya mtandaoni kwenye mji wa viwanda Ujerumani: nawajibu

Haya ndugu zangu, habari za huko. Leo sitoki kuwaonyesha mji, nimekaa mezani tu, maana swali ni lile lile na limezidi. Kila video nikiweka, hata ile ya theluji, chini yake nakuta: "Kaka, nasikia huko serikali inawapa vijana hela ya kufungua kampuni za mtandaoni. Ni kiasi gani, na sisi tunaipataje?"

Nimechelewa kujibu kwa sababu najua yatakayofuata. Nikitaja euro, naringa. Nikitaja shida, basi nalalamika, si nirudi nyumbani. Mniwie radhi, nitataja vyote viwili. Na ninayosema ni yaliyonipata mimi. Mwenzangu wa mji mwingine anaweza kukwambia kinyume chake, na akawa mkweli.

Kwanza mjue nilipo. Mimi siishi Berlin. Niko Bochum, bonde la Ruhr, nchi ya makaa ya mawe na chuma. Mgodi wa mwisho wa makaa huku ulifungwa Desemba 2018, kule Bottrop, jirani tu. Opel walijenga kiwanda cha magari hapa Bochum mwaka 1962, wakakifunga mwisho wa 2014. Nokia nao walifunga kiwanda chao cha simu mwaka 2008. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa huku "nimefungua kampuni," anakuuliza unatengeneza nini. Ukimjibu programu, anasubiri umalizie sentensi.

Sasa hela. Ruzuku ipo kweli. Kuna ya serikali kuu inaitwa EXIST: mwenye digrii anapewa euro 2,500 kwa mwezi, mwanafunzi 1,000, kwa mwaka mmoja. Lakini anayeiomba si wewe, ni chuo kikuu au taasisi ya utafiti kwa niaba yako. Usipokuwa na chuo kilichokubali kukubeba, mlango huo si wako. Sisi, yaani mimi na wenzangu wawili wa kampuni, tulikuwa nacho, tukaandika mpango wa kurasa nyingi, tukakosa. Tuliambiwa wazo halina upya wa kutosha. Niliumia sana, kwa sababu miezi minne ya kuandika ile karatasi nilikuwa sifanyi kazi nyingine.

Kusajili je? Kampuni yenye heshima huku ni GmbH, na mtaji wake ni euro 25,000. Nusu yake, 12,500, lazima iwe imewekwa kabla hujaandikwa kwenye daftari la biashara. Hatukuwa nayo. Tangu 2008 kuna aina ndogo, UG, unaweza kuanza hata na euro moja, ila kila mwaka robo ya faida unaiweka akiba mpaka ifike 25,000. Tukachukua hiyo. Kumbukeni hilo jina UG, nitalirudia.

Halafu unakwenda kwa Notar, mwanasheria wa kuthibitisha mikataba. Sheria inamtaka akusomee mkataba wote kwa sauti, neno kwa neno, mbele yako. Kijerumani changu wakati ule hakikutosha kwa lugha ya sheria, ikabidi alipwe mkalimani. Baadaye unasubiri namba ya kodi. Bila namba huwezi kutoa ankara iliyokamilika, na bila ankara mteja hakulipi. Tulifanya kazi wiki tisa bila kudai senti.

Mnaotaka kuja moja kwa moja kutoka nyumbani kwa njia ya biashara, sikilizeni hapa. Sheria ya ukaazi, kifungu cha 21, inataka biashara yako iwe na maslahi ya kiuchumi au mkoa uwe unaihitaji, iwe na faida kwa uchumi, na fedha zake ziwe na uhakika. Ukishapita miaka 45 unaonyesha na akiba ya uzeeni. Ofisi ya wageni inaomba maoni ya chemba ya biashara kabla ya kuamua. Mimi nilisoma chuo huku, na aliyehitimu huku masharti yake ni mepesi zaidi. Kwa hiyo njia yangu msiichukue kama ramani yenu.

Bima ya afya nayo. Ukiajiriwa, mwajiri anabeba karibu nusu. Ukijiajiri, yote ni yako. Mwaka wa kwanza bima ilikuwa inanigharimu kuliko chakula.

Na kuna jambo sijawahi kulisema. Nilikosa nyumba mara tatu. Mwenye nyumba anataka karatasi za mshahara za miezi mitatu. Mimi nina kampuni, sina karatasi ya mshahara. Mama mmoja alinikaribisha vizuri, akanionyesha mpaka stoo, nikamwambia nimejiajiri, akafunga faili lake palepale. Na wiki hiyohiyo nyumbani watu walikuwa wananiandikia, "Sasa wewe ni mkurugenzi, umetusahau." Sikumjibu mtu. Nililala kwenye kochi la mwenzangu.

Basi, mnauliza huu mkoa unasaidia kampuni changa au hausaidii. Unasaidia. Kuna vyumba vya kufanyia kazi, semina, washauri, mashindano ya kueleza wazo kwa dakika tano. Mimi nimehudhuria karibu kila kitu. Lakini kilichotutoa hakikuwa kimojawapo cha hivyo. Kilichotutoa ni ankara moja.

Programu yetu inasikiliza mtetemo wa mashine na kutoa onyo kabla haijavunjika. Tukaipeleka kiwanda kimoja cha bolti, cha ukoo, wajukuu ndio wanaendesha. Mwenye kiwanda aliipenda siku ya kwanza. Kisha idara ya manunuzi wakaomba mahesabu ya miaka mitatu. Kampuni ina miezi saba! Wakaliona lile jina UG, wakauliza mkifilisika nani atatuhudumia. Watu wao wa kompyuta wakasema mashine yoyote isiguse intaneti. Tukasubiri miezi kumi na moja, na kila mwezi naambiwa "tuko kwenye mchakato."

Aliyefungua njia ni msimamizi wa zamu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Yeye anajua kwa sikio mashine gani inaumwa. Alisema nikiondoka hakuna atakayesikia, wapeni hawa vijana mashine moja. Tukaunganisha kwa mtandao wa ndani tu, bila kutoka nje ya ukuta, wakalipa euro 4,000 za majaribio. Ni hela ndogo kwa watu watatu. Lakini ile ankara iliyolipwa niliipeleka benki, nikaipeleka ofisi ya wageni, nikaionyesha hata kwa mwenye nyumba ninapokaa sasa. Kiwanda cha pili hakikuuliza mahesabu ya miaka mitatu, kiliuliza namba ya simu ya kiwanda cha kwanza.

Na si sisi tu. Hapahapa Bochum ilizaliwa escrypt mwaka 2004, kutoka chuo kikuu, kampuni ya usalama wa kompyuta za magari. Mwaka 2012 ikaingia katika familia ya Bosch. Ilikua kwa kuwauzia wenye viwanda kitu walichokuwa wanakihitaji. Na wahandisi wa Nokia waliobaki baada ya 2008 hawakuhama wote: BlackBerry, kampuni nyingine ya simu, waliwachukua kwenye kituo chao cha hapa, na mwaka 2014 Volkswagen wakakinunua kituo hicho, leo wanaandika programu za ndani ya magari. Ujuzi ulikuwepo, akapatikana wa kuununua.

Ndiyo maana ningekuwa naulizwa na wanaogawa hizo ruzuku, ningewaambia wachukue sehemu yake walipie nusu ya gharama ya kiwanda kinachokubali kujaribu kitu cha kampuni changa. Mwenye kiwanda hofu impungue, kijana apate ankara. Vyumba tunavyo vya kutosha.

Wewe uliyeniuliza kama uache kazi uje, siwezi kukuamulia. Sijui una watoto wangapi, sijui una deni gani. Niandikie tu unajua kiwanda gani kwa undani, umefanya kazi wapi, mashine gani unaielewa. Video ijayo nitafungua fomu ya kifungu cha 21, ukurasa kwa ukurasa, na barua ya ofisi ya wageni niliyoipokea juzi, kwa sababu kibali changu kinaisha Machi na wameniomba tena ankara.