Mnauliza Lord Howe ilitugharimu shilingi ngapi, haya leo nawajibu

Haya jamani, hamjambo. Tangu niweke zile picha za Lord Howe, kile kisiwa cha huku Australia, komenti ni ileile, "dada mlitumia shilingi ngapi", akimaliza huyo anakuja mwingine, "kwa nini usiwalete watoto Mafia". Leo najibu, ila nikitaja bei msiseme najishaua, na nikisema iliniuma msiseme nalialia.

Mafia nani asiyeipenda? Piga hesabu ya tiketi za watu wanne Sydney mpaka Dar msimu wa likizo za shule ndo uniandikie. Halafu kazi yangu ya kulea wazee ni ya kuitwa, nisipoingia silipwi, kwa hiyo likizo nailipia mara mbili.

Na Lord Howe nako sio chee. Kwa ndege hata saa 2 hazifiki, ila tiketi ya mtu mzima kwenda na kurudi ilipita dola 1,000 za huku. Wageni hawaruhusiwi kuzidi 400 kwa wakati mmoja, hema marufuku, chumba lazima uwe umeshabuku kabla hujapanda ndege, sasa ile janja yetu ya kufikia kwa mtu haipo. Vyakula vinaletwa na meli kila baada ya wiki mbili hivi, bei zake acha tu, unga wa ugali nilibeba mwenyewe.

Kinachoniuma mpaka leo ni mama yangu, alikuwa aje kutoka nyumbani twende naye. Kitanda chake nilishakilipia, viza ikakataliwa, eti hawajaridhika kama atarudi. Mama ana shamba, ana wajukuu, atakosaje kurudi? Ada ya maombi hairudi, na hela ya kitanda nayo wenye nyumba wakakausha.

Bahari sina haja ya kuwahadithia, mmezaliwa nayo. Watoto walichopenda ni baiskeli, maana gari mwisho kilomita 25 kwa saa na barabara iko tupu, na pale Ned's Beach samaki wanakuja wenyewe mpaka miguuni. Pana miwani ya kuzamia imewekwa tu, hakuna mlinzi, unachukua, hela unatumbukiza kwenye boksi. Mume wangu aliangalia kushoto kulia kama mwizi.

Halafu netiweki ya simu hakuna kabisa, na wenyeji wanapenda hivyohivyo. Sasa kuna ndugu alinitumia meseji ya kuomba hela wiki hiyohiyo, natoka kisiwani nakuta familia nzima imeshaambiwa nimezima simu nile bata! Hata aliyeuliza kama nimefika salama hakuna, samahani lakini ndo ukweli.

Kwa hiyo wewe wa Melbourne unayeuliza uende au usiende, mimi siwezi kukuamulia, inategemea mfuko wako na kazi yako. Sisi tunadunduliza kwanza hela ya maombi mapya ya viza ya mama.