Bibi, Msiba Uko Wapi?

Kamwene, wazee wenzangu, na ninyi vijana mliotusindikiza.

Mwaka jana pale stendi ya Igumbilo, kondakta alinipokea begi, akalipima kwa mkono, akasema kwa huruma: "Pole, bibi. Msiba uko wapi?" Nikamwambia sina msiba. "Basi hospitali." Siumwi. "Aa, wajukuu!" Nilipomwambia natembea tu, miezi mitatu, mpaka Tunduma na kurudi, hakunisemesha tena hadi Mafinga.

Ndizo safari tatu tulizoachiwa sisi wastaafu: kuzika, kutibiwa, kulea. Ya nne haina jina.

Gandhi alipotoka Sabarmati kwa miguu tarehe 12 Machi 1930, akielekea baharini kuvunja sheria ya chumvi ya Waingereza, alikuwa na miaka 60. Kwetu huo ni umri wa kukabidhi ofisi. Alitembea siku 24, kilomita kama 385. Treni zilikuwepo, lakini treni isingesimama kila kijiji, na yeye alivitaka vijiji. Naye Doris Haddock, bibi wa Marekani, alianza California tarehe 1 Januari 1999 kupinga pesa za matajiri katika siasa. Alifika Washington tarehe 29 Februari 2000, zaidi ya kilomita 5,000 kwa miguu, akiwa ametimiza miaka 90 njiani. Nani alikuwa analalamikia magoti hapa?

Sasa tuje kwetu. Nilikwenda Mgagao, kule Kilolo, ambako wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa na kambi. Mwaka 1975 maofisa wao walitoa Azimio la Mgagao, wakawakataa viongozi wao wa zamani na kumtaja Robert Mugabe kuwa ndiye awasemee. Hayo unaweza kuyasoma ukiwa kitandani. Mimi nilikaa siku nne. Siku ya kwanza niliambiwa habari za mvua na bei ya viazi. Ya pili, viazi tena. Ya tatu, tukimenya hivyo hivyo viazi, mama mmoja wa rika langu akaanza kuimba wimbo wa Kishona aliousikia akiwa binti. Maana yake haijui. Aliuimba wote, kisu mkononi, kisha akaniuliza kama wale vijana walifika kwao salama.

Mgeni wa siku moja anaondoka na viazi.

Kalenga nilipita haraka, mnapajua. Ila pale kwenye fuvu la Chifu Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, nilisimama nikihesabu. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipa Ujerumani miezi sita kulikabidhi. Likarudi 1954. Wanaofuatilia mafao wananielewa.

Safari ijayo ni TAZARA, kipande cha Makambako kushuka Mlimba, kwenye mahandaki mengi. Reli ilijengwa 1970 hadi 1975. Kijana wa miaka 20 aliyeshika sururu mle sasa amepita 70. Nataka kuwatafuta hao, kituo kwa kituo, nikae nao mpaka viazi viishe. Daftari ninalo. Nafasi ya mtu mmoja ipo, awe mwanamke, maana tutalala chumba kimoja, na asiwe anakoroma. Begi lake alibebe mwenyewe.