Jani Likianguka, Weka Kata Chini

Assalaam alaykum, mama zangu na ndugu zangu. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena, kwa sababu miti ya vyunguni inazamishwa na watu wanaoipenda. Jani likianguka, msikimbilie kata ya maji.

Jirani yangu wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, ameniruhusu nikitoe kisa chake. Alinunua Mombasa mti wa Ficus benjamina, ule wa majani madogo yanayong'aa, uliolelewa juani kwa muuza miche. Ukapanda basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, ukaenda kuwekwa chumba cha ndani kabisa, nyuma ya kuta nene za matumbawe, mahali ambapo hata mchana huwashwa taa. Haukupita muda, majani yakaanza kumwagika sakafuni. Akatia maji asubuhi, akatia jioni. Yakazidi. Akauhamishia chumba kingine, yakamwagika tena. Aliponiita, nikauchomoa chunguni: mizizi myeusi, teketeke, inanuka.

Jamani, jani haliondoki vivi hivi. Mti uliozoea jua ukitiwa gizani, majani mengi hayawezi tena kutengeneza chakula cha kutosha, na mti wenyewe huyaacha. Pale kikonyo kinaposhikana na tawi hujengeka tabaka dhaifu, na jani hukatikia hapo. Ficus benjamina ni mwepesi sana wa tabia hii, ukibadilishiwa mahali tu hupukutika. Sasa nisikilizeni hapa: majani ndiyo yanayovuta maji kutoka mizizini. Mti uliobakiwa na nusu ya majani yake hunywa kidogo kuliko zamani, na nyinyi ndipo mnapozidisha! Udongo ukijaa maji hewa hutoka, mizizi hukosa oksijeni, huoza. Mti wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mti wenye kiu, basi mnauona umenyauka, mnaongeza kata nyingine.

Atasimama mtu aniambie, mbona udongo umekauka? Umekauka juu, mama. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, weka kata chini uondoke. Na ile sahani ya chini ya chungu mwaga maji yake, usiuache mti umesimama ndani ya dimbwi.

Mwingine atasema, lakini wangu umebaki vijiti, umeshakufa. Nani kakwambia? Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, na kwa Ficus ukiona utomvu mweupe, mti uko hai. Utoe gizani uweke karibu na kiwanda, uwanja wetu wa katikati unaoingia mwanga, usipigwe na jua kali la ghafla, kisha uuache hapo hapo. Usiuzungushe nyumba nzima ukiutafutia bahati. Majani mapya huja kwa wiki kadhaa, wala hayaji kwa kuhimizwa.

Kama mizizi imeoza, kata iliyo myeusi, pandia udongo mpya unaopitisha maji, na chungu kiwe na tundu chini. Hilo la tundu sitaki hata kubishana nalo.

Kuna chumvi pia. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, na maji yakikauka chunguni chumvi hubaki. Ncha za majani zikigeuka kahawia na ukaona ukoko mweupe juu ya udongo, mimina maji mengi ya mvua, ya jabia, birika la kuwekea maji ya mvua, kama unayo, yapite mpaka yatoke chini. Rudia.

Wakati unanibana. Wadudu: geuza jani utazame chini yake, ukiona utando mwembamba ni utitiri, osha kwa maji. Samadi ya punda isiwe mbichi, na mti unaopukutika usitiwe mbolea yoyote mpaka uchipue. Asumini za darini zinazoungua kwa upepo wa kusi nitazizungumza siku nyingine. Maswali, tafadhali, na mwenye mti uliopukutika aanze kwa kuniambia umekaa chumba gani.