Kabla ya Kuaga Ofisi

OKELLO: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Kampala na kwingineko. Leo tunamzungumzia mtumishi wa umma anayetoka serikalini na kuajiriwa na kampuni aliyokuwa akiisimamia. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka zabuni katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, nikakuta foleni imefika kwenye ngazi. Akaingia mzee aliyestaafu kutoka ofisi iyo hiyo miezi michache nyuma, safari hii akiwa na bahasha ya kampuni iliyoshindana nasi. Karani alisimama, akampokea bahasha, akamvutia kiti.

AMINA: Kumheshimu mzee si kosa, kaka Okello. Sheria ya Marekani inaangalia kile anachokuja kukifanya. Mtumishi aliyeshiriki mwenyewe, na kwa kiasi kikubwa, katika mkataba mahususi haruhusiwi maisha yake yote kurudi serikalini kuutetea kwa niaba ya mwingine. Kwa mikataba iliyokuwa chini ya mamlaka yake tu katika mwaka wake wa mwisho kazini, katazo ni la miaka 2.

OKELLO: Kumbe kuajiriwa anaweza, ila asibishe hodi?

AMINA: Mara nyingi ndivyo, na hapo ndipo mimi huona pengo, kwa sababu anaweza kukaa nyuma ya pazia akawafundisha wenzake namna ya kubisha. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi huanza kabla hajaaga. Darleen Druyun alikuwa afisa mkuu wa ununuzi katika Jeshi la Anga la Marekani. Mnamo Oktoba 2002 alizungumza na mkuu wa fedha wa Boeing kuhusu ajira, ilhali bado alikuwa akishughulikia mpango wa kukodi ndege 100 za kujaza mafuta angani kutoka kampuni hiyo. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miezi 9, na aliyemwahidi kazi naye akafungwa baadaye.

OKELLO: Na sisi Uganda?

AMINA: Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa mwaka 2004. Kifungu cha 12 kinazungumzia kuwawekea mipaka maafisa wa zamani, kwa muda unaofaa, pale kazi mpya inapohusiana moja kwa moja na majukumu waliyokuwa nayo.

OKELLO: Mhandisi aliyejenga barabara maisha yake yote na kustaafu akiwa na miaka 60, tukimfungia kampuni zote za ujenzi, dada, si tunamwambia akachunge mbuzi?

AMINA: Ndiyo maana napendelea katazo lifuate faili alilolishika, lisimfuate mtu kila aendako. Siku anapopigiwa simu ya ajira, amwandikie mkuu wake barua na kukabidhi faili hilo siku iyo hiyo.

OKELLO: Na karani wangu?

AMINA: Amvutie mzee kiti. Bahasha ikapange foleni kwenye ngazi.