Basilide Tumsikie kwa Maneno Yake Mwenyewe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu: nimepewa dakika 40 za kuzungumzia mafundisho ya Basilide, na wale walionisikia mahali pengine wanajua kwamba nyingi kati ya hizo nitazitumia kulalamika. Ugnostiki, yale mafundisho ya karne za kwanza kwamba wokovu huja kwa maarifa ya siri, sitauelezea kwa urefu, kwa kuwa nyote mmeupitia darasani. Nina swali moja tu: tunaposema "Basilide alifundisha hivi", hayo tumeyasikia kwa nani?

Basilide alikuwa mwalimu wa Kignostiki huko Aleksandria, Misri, katika enzi ya Kaisari Hadriani, aliyetawala tangu mwaka 117 hadi 138. Aliandika vitabu 24 vya kuifafanua Injili, na havikubaki ila vipande vichache vilivyonakiliwa na wengine. Hata hivyo, kila anayemtaja hukimbilia mambo matatu: mbingu 365, jina Abrasaksi analopewa mkuu wa mbingu hizo, na kisa cha Simoni wa Kirene kusulubiwa badala ya Yesu, huku Yesu amesimama pembeni akicheka. Yote matatu yanatoka kwa Irenei, askofu wa Lyon, aliyeandika karibu na mwaka 180 ili kuwapinga wazushi, na kitabu chake hicho chenyewe tunacho kizima kwa tafsiri ya Kilatini tu. Ni sawa na kutaka kujua tabia ya mtu kwa kumuuliza mtalaka wake, tena kupitia mkalimani.

Juu ya Abrasaksi sitakawia, maana wenye kujua hesabu ya abjadi hawahitaji mwalimu: herufi za Kigiriki nazo zina thamani ya tarakimu, na ukijumlisha 1, 2, 100, 1, 200, 1 na 60 unapata 365, idadi ya siku za mwaka. Jina hilo limechorwa kwenye vito vingi vilivyovaliwa kama hirizi, na kwa muda mrefu wakusanyaji walivihesabu vyote kuwa vya wafuasi wa Basilide, kana kwamba kila mvaa hirizi lazima awe na shahada ya teolojia.

Sasa nawaombeni tumwendee Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa wa mwishoni mwa karne ya pili. Mtaniambia kwamba naye alikuwa mpinzani. Ni kweli, lakini ni mpinzani wa aina nyingine: aliishi katika mji uleule, alivisoma vitabu vyenyewe, anataja kwamba ananukuu kitabu cha 23, ananakili maneno, kisha ndipo anagombana nayo. Na maneno hayo yanahusu nini? Hayahusu mbingu 365 wala majina ya malaika. Yanahusu mateso ya mashahidi wa imani, na swali ambalo kila mfiwa amewahi kujiuliza: kwa nini mtu mwema anateseka?

Jibu la Basilide ni gumu, na sikusudii kulipamba. Anasema kwamba wale wanaoteswa wana dhambi iliyofichika, ila kwa wema wa Mungu wanapewa kuteseka kwa sababu ya jina la Kikristo badala ya kuadhibiwa kama wazinzi au wauaji. Asiyetenda dhambi kabisa yuko kama mtoto mchanga, ambaye hajatenda lolote lakini anabeba ndani yake uwezekano wa kutenda, kama vile mtu anayetaka kuzini alivyo mzinzi hata kama hakupata nafasi. Kisha anatamka kwamba yuko radhi kusema lolote kuliko kusema kwamba Maongozi ya Mungu ni mabaya. Anapobanwa kuhusu Yesu mwenyewe, hakimbii: anajibu kwamba yeyote utakayemtaja ni mwanadamu, na Mungu peke yake ndiye mwenye haki, kisha anamnukuu Ayubu kwamba hakuna aliye safi bila doa. Klementi alikasirika sana hapo, nami naelewa kwa nini. Lakini nauliza: mtu anayehangaika hivi kuitetea haki ya Mungu ndiye yuleyule ambaye Irenei anatuambia wafuasi wake walihesabu tendo lolote kuwa si kitu na kuukwepa ushahidi wa imani?

Najua lipo swali jingine linalosubiri, maana huulizwa kila ninapozungumza: je, kisa cha Simoni si kilekile cha Kurani, Suratun-Nisaa, aya ya 157, isemayo kwamba hawakumsulubu Yesu bali walifananishiwa tu? Aya hiyo haimtaji Simoni wala haimtaji Basilide, kwa hiyo tusiulazimishe undugu ambao hautajwi. Chanzo cha kisa wapo waliodokeza kuwa kipo karibu zaidi, katika Marko 15. Humo Simoni anashurutishwa kuuchukua msalaba, kisha tunasoma "wakamleta" na "wakamsulibisha". Kigiriki, kama Kiswahili chetu chenye kiambishi "m", hakisemi waziwazi ni yupi. Mojawapo ya maandiko ya Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, yaliyopatikana karibu na Nag Hammadi nchini humo mwaka 1945 pia lina kicheko hicho na jina la Simoni, kwa hiyo Irenei hakukitunga kisa. Ila andiko hilo halimtaji Basilide hata mara moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa bado sijafika kwa Hipoliti, mwandishi wa Roma wa karne ya tatu aliyewapinga wazushi naye. Basi kwa haraka: kitabu chake kilipatikana katika monasteri ya Mlima Athos mwaka 1842, na humo Basilide ni mtu tofauti kabisa. Hapo mwanzo hapakuwa na kitu; Mungu asiyekuwako akaweka mbegu ya ulimwengu, iliyobeba kila kitu kama yai la tausi linavyobeba rangi zote, na mwishoni kila kiumbe kinafunikwa na kutojua ili kisitamani kilicho juu ya maumbile yake. Na Yesu, kwa taarifa hiyo, aliteseka kweli katika mwili. Irenei na Hipoliti hawawezi wote wawili kuwa sahihi, na mimi naelemea kwa Hipoliti kwa sababu hadithi yake ya Mtawala Mkuu, aliyejidhani kuwa ndiye Mungu wa juu kabisa, akashikwa na hofu alipojua sivyo, hofu iliyo mwanzo wa hekima, Klementi naye anaihusisha na wafuasi wa Basilide.

Isidori, mwanawe Basilide, itabidi tumwache, ingawa kitabu chake juu ya nafsi kilistahili jioni nzima. Niongeze moja tu kutoka kwa Klementi: anasema kwamba wafuasi hao waliiadhimisha siku ya ubatizo wa Yesu kwa kukesha wakisoma, wengine tarehe 15 ya mwezi wa Kimisri wa Tubi, wengine tarehe 11. Tarehe 11 ya Tubi ni 6 Januari. Hakuna taarifa ya kale zaidi ya hiyo kuhusu sikukuu ambayo wengi wenu mnaiita Epifania.