Rekodi ya Kunakili: Wakutubi Wanavyofanyiana Kazi Bila Kuonana

Ndugu wakutubi, asanteni kwa kunikaribisha.

Ukitaja ushirikiano wa maktaba duniani, wengi hufikiria mikutano: shirikisho letu la kimataifa, IFLA, lililoundwa Edinburgh mwaka 1927, kamati zake na makongamano yake. Huko ndiko kanuni zinakopikwa, na sina ugomvi nako. Leo lakini nataka tutazame kazi ndogo ya kila siku: mkutubi anachukua rekodi ya kitabu iliyoandikwa na mwenzake asiyemjua, anaiingiza kwenye katalogi yake. Ujuzi wetu mwingi husafiri kwa njia hiyo. Makosa yetu nayo hupanda gari hilohilo.

Jambo lenyewe si geni. Library of Congress ya Marekani ilianza kuwauzia wengine kadi za katalogi zilizopigwa chapa mwaka 1901, na haikuacha hadi 1997. Miaka ya 1960 Henriette Avram wa maktaba hiyo akaongoza kazi ya kuigeuza kadi kuwa data inayosomeka na kompyuta, tukapata MARC, muundo wa kuandikia rekodi hizo. Agosti 1971 maktaba ya Ohio University ikawa ya kwanza kuorodhesha vitabu kwa kompyuta zilizounganishwa na OCLC, ushirika wa maktaba unaochangia katalogi. Tangu hapo kitabu kikishaorodheshwa vizuri mara moja, hakuna haja ya mtu wa pili kuanza moja. Neno "vizuri" hapo ndilo lenye kazi.

Tuifungue rekodi. Faili la MARC lina kichwa chenye nafasi 24, kisha saraka (orodha ya kilichomo), kisha nyuga, yaani sehemu zenye maelezo; moja huitwa uga. Katika saraka kila uga una tarakimu 12: tatu ni namba yake, nne ni urefu wake, tano zinaonyesha unapoanzia. Nyuga mnazijua: 020 ni ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu), 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 264 uchapishaji (260 kwa rekodi za zamani), 300 kurasa na kimo, 650 mada. Unaorukwa sana ni 040, nao ndio wa kusomwa kwanza. Unaeleza nani aliandika rekodi, nani waliirekebisha, kwa kanuni zipi na kwa lugha gani. Sehemu yake ndogo, kijiuga b, ikisema "ger", jueni kwamba maelezo ya kurasa na vidokezo vimeandikwa kwa Kijerumani, hata kama kitabu chenyewe ni cha Kiswahili.

Sasa angalieni urefu unavyohesabiwa. Katika rekodi za Unicode, mfumo wa herufi za lugha zote, hauhesabiwi kwa herufi, ni kwa baiti, kipimo cha nafasi kwenye kompyuta. Chukueni jina Ngũgĩ. Jichoni ni herufi tano. Katika UTF-8, namna ya kuhifadhi Unicode, ni baiti 7 iwapo kila kiwimbi kimehifadhiwa pamoja na herufi yake, na baiti 9 iwapo kimehifadhiwa peke yake. Mtu anafungua faili kwa programu ya kawaida ya kuandikia, anasahihisha neno moja, anahifadhi. Saraka imebaki na hesabu ya jana. Nyuga zote zinazofuata zinasomwa kuanzia mahali pasipo pao, na mfumo unalikataa faili au, vibaya zaidi, unalipokea likiwa limevurugika. Tumieni kihariri cha MARC, kinapiga hesabu upya chenyewe. Na kabla ya kulaumu fonti, tazameni nafasi ya 09 ya kichwa (tunahesabu kuanzia sifuri): herufi "a" maana yake Unicode, pengo maana yake MARC-8, mfumo wa herufi wa zamani. Pengo likiwekwa juu ya data ya Unicode, viwimbi vyote vinageuka takataka.

Jina hilohilo lina mtego wa pili. Ngũgĩ wa Thiong'o halina jina la ukoo la kugeuzwa mbele, lakini wapo wanaoandika "Thiong'o, Ngũgĩ wa", na vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi. Bila faili la majina yaliyoidhinishwa, mwandishi mmoja anakuwa watu watatu kwenye katalogi. Faili hilo huchagua umbo moja, na mengine yote hukaa kwenye uga 400 yakielekeza huko. VIAF, mradi ulioanza kwa makubaliano ya mwaka 2003 kati ya Library of Congress, Deutsche Nationalbibliothek (maktaba ya taifa ya Ujerumani) na OCLC, huunganisha mafaili ya majina ya nchi mbalimbali bila kuilazimisha yoyote iache umbo lake. Kwangu mimi huo ni ushirikiano uliokomaa kuliko ule wa kutaka wote waandike sawa.

Mkinakili, tafuteni kwa ISBN kupitia Z39.50, njia ya kutafuta kwenye katalogi za wengine, ila msiiamini peke yake, kwa sababu wapo wachapishaji wanaoitumia ISBN moja kwa vitabu viwili. Shikeni kitabu mkononi, mlinganishe jina, toleo, mchapishaji, mwaka, na namba ya ukurasa wa mwisho. Ondoeni nyuga za kienyeji za maktaba ya wenzenu, hasa 852 (mahali kitabu kilipo) na zile ambazo namba zake zinaanza na 9. Mkipokea rekodi elfu kwa mkupuo, jaribuni ishirini kwanza, na mfumo ulinganishe kwa namba ya udhibiti ya uga 035 kabla ya ISBN. Vinginevyo rekodi nzuri itafutwa na mbovu.

Tatizo kubwa ni kwamba tulio wengi tunachukua bila kurudisha. Husemwa ni uhaba wa muda. Mara nyingi ni woga wa kuchekwa. Lakini kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache, nani atakielezea vizuri kuliko anayeisoma lugha hiyo? Rekodi fupi ya ajuaye lugha inashinda ndefu ya anayekisia mada kwa kutazama picha ya jalada.

Suala la maktaba kuazimana nalipitia haraka. Ombi la makala liwe na ISSN (namba ya jarida), juzuu, toleo, mwaka na kurasa. Kikikosekana kimoja, linarudishwa.

Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016, unaziruhusu taasisi zilizoidhinishwa katika nchi wanachama kupelekeana vitabu vya wasioona kuvuka mipaka bila kumwomba kibali mwenye hakimiliki. Sheria imefungua mlango, ila mtu hawezi kuomba asichokiona kwenye katalogi. Kwa Breili, wekeni "f" kwenye nafasi ya 23 ya uga 008, uga wa misimbo. Ikiachwa wazi, maktaba ya pili haitajua kwamba nakala ya Breili ipo, itaanza kukitayarisha kitabu kilekile ukurasa kwa ukurasa.